Nani Ana Kura Nyumbani Mwetu?



Jumamosi moja baada ya darsa ya kina mama, mama mmoja alitungoja mlangoni mpaka wenziwe walipokwisha kutawanyika. Mkononi alikuwa na bahasha ya khaki iliyochakaa pembe zote, na ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki, cheti cha ndoa cha Kadhi, na nakala ya kitambulisho chake iliyofifia wino. Bintiye ametimiza miaka 18. Baba wa mtoto ni mtu wa Unguja, naye alirudi kwao mtoto angali ananyonya. Majirani wamemwambia kuwa mtoto ni wa baba, na kwa kuwa baba ni mgeni, mtoto naye ni mgeni. Asijisumbue kumtafutia kitambulisho, wala asitaraje kura.

Tulimjibu papo hapo kuwa majirani wamekosea. Lakini swali lake halikututoka, kwa sababu tumelisikia mara nyingi kwa sura nyingine. Tumelisikia kwa bibi harusi aliyekuja kutoka Pemba, kwa kijana afanyaye kazi Doha, na kwa dada aliyetaka kugombea kiti cha wadi akaambiwa si wa hapa. Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu, haiko mbali. Tumeona tuyaandike haya wakati nafasi ya kutafuta karatasi ingalipo.

Nasaba si uraia

Nasaba twaijua. Mtoto huitwa kwa jina la babake, na hilo ni jambo la dini ambalo hatulibishi. Kosa letu ni kuichukua kanuni ya nasaba na kuipeleka katika daftari la serikali, ambako haitawali. Katiba ya Kenya iliyoanza kufanya kazi Agosti 27, 2010 yasema katika kifungu cha 14 kuwa mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa, siku aliyozaliwa, mamake au babake alikuwa raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje yake. Neno lenye uzito hapo ni lile dogo, "au". Mama peke yake atosha.

Haikuwa hivyo zamani. Chini ya Katiba ya kwanza ya uhuru, mwanamke wa Kenya aliyejifungua nje ya nchi kwa mume mgeni hakuweza kumrithisha mwanawe uraia, ilhali mwanamume wa Kenya aliweza. Mume Mkenya aliweza kumwombea mkewe mgeni uraia, lakini mke Mkenya hakuweza kumwombea mumewe. Wanawake wengi wa mwambao waliolewa Tanga, Unguja, Ngazija na Muscat, wakazaa watoto waliohesabiwa wageni katika nchi ya mama zao. Katiba mpya haikuwasahau hao. Kifungu hichohicho cha 14 kinaeleza kuwa haki hii inawahusu pia waliozaliwa kabla ya 2010, popote walipozaliwa. Basi mtu mzima wa miaka 50 aliyezaliwa Tanga kwa mama raia wa Kenya ana haki sawasawa na yule msichana wa bahasha ya khaki.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nalo twapaswa kulitaja. Wengi wetu hudhani kuzaliwa hapa kunatosha, kwamba mtoto akizaliwa katika hospitali ya Mombasa amekwisha kuwa Mkenya. Sivyo. Mtoto wa wazazi wawili wageni hawi raia kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa, na cheti cha kuzaliwa peke yake hakithibitishi uraia. Kinachothibitisha ni cheti hicho kikiwa na jina la mzazi ambaye yeye mwenyewe ni raia. Anayehesabiwa raia bila ya wazazi wake kujulikana ni mtoto aliyeokotwa humu nchini, anayeonekana hajafika miaka 8, na ambaye haijulikani ni wa taifa gani.

Kifungu cha 83 chamtaka mpiga kura mambo machache sana. Awe raia, awe mtu mzima wa miaka 18, asiwe ametangazwa kuwa hana akili timamu, wala asiwe amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyopita. Hakiulizi kabila, hakiulizi babu alizikwa wapi, hakiulizi kama una shamba au wapanga chumba. Kinasema pia kuwa taratibu za uandikishaji zipangwe ili kumrahisishia raia, zisiwe za kumnyima.

Hata hivyo, sheria ya uchaguzi inakubali hati mbili tu mbele ya karani wa uandikishaji, nazo ni kitambulisho cha kitaifa au paspoti ya Kenya. Karatasi ya kungojea kitambulisho haikubaliki. Kwa hiyo mlango wa kura hauko kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Uko nyuma yake, katika ofisi ya usajili wa watu, na kwa watu wa Pwani mlango huo umekuwa mzito kwa miaka mingi. Wazee wetu wangali wanakiita kitambulisho "kipande", jina la ile hati ya kikoloni iliyovikwa shingoni, na huenda hawakosei sana. Kijana mwenye jina la Kiarabu au la Kisomali ameambiwa alete hati za babu na bibi, akapelekwa mbele ya kamati ya wazee ya kumsaili, huku mwenzake waliyesoma naye darasa moja akipewa kitambulisho kwa cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa usaili huo wa kibaguzi. Twalishukuru tangazo hilo. Lakini mazoea ya miaka mingi hayafutiki kwa sahihi moja, na mtu akiambiwa leo alete hati ya babu yake, ana haki ya kuuliza kwa adabu ni sheria gani inayomtaka hivyo.

Kwa watoto waliozaliwa nyumbani kwa mkunga, kazi huanza nyuma zaidi, kwa taarifa ya kuzaliwa kutoka kwa naibu wa chifu na kuandikishwa kwa kuchelewa katika ofisi ya vizazi na vifo. Twawaomba kina mama wasilingojee hilo mpaka mtoto afike miaka 18. Mkunga huzeeka, na naibu wa chifu huhamishwa.

Waliosajiliwa na hesabu ya miaka kumi

Desemba 12, 1963, aliyezaliwa Kenya na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Kenya alipata uraia bila ya kuomba. Wengine walitakiwa waombe. Wavuvi waliotoka Pemba, na Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, hawakuwa watu wa kushinda maofisini. Wakaishi hapa, wakazaa, wakazika, wakachangia harusi zetu na matanga yetu, na hawakuwa raia wa hapa wala wa walikotoka.

Sheria ya uraia ya 2011 ndiyo iliyowafungulia njia waliokuwako Kenya tangu uhuru bila ya kuwa na taifa, pamoja na vizazi vyao. Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki hiyo, na Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawatambua kuwa kabila la 43. Wapemba walifuata. Mwaka 2023 walitambuliwa rasmi, na Julai mwaka huo wakaanza kupewa vitambulisho Kilifi.

Hapa pana jambo ambalo hatujalisikia likielezwa vya kutosha. Aliyepata uraia kwa kusajiliwa aweza kujiandikisha kupiga kura mara apatapo kitambulisho. Kugombea ni jambo jingine. Vifungu vya 99 na 193 vyamzuia kuwania ubunge, useneta, ugavana au uwakilishi wa wadi mtu ambaye hajawa raia kwa miaka 10 kamili kabla ya siku ya uchaguzi. Tufanye hesabu. Mmakonde aliyesajiliwa Februari 2017 atatimiza miaka hiyo Februari 2027, kwa hiyo uchaguzi wa Agosti 2027 ndio uchaguzi mkuu wa kwanza ambao aweza kusimama. Mpemba aliyesajiliwa Julai 2023 atatimiza Julai 2033. Uchaguzi wa 2032 utampita akiwa amebakisha mwaka mmoja, na iwapo hapatatokea uchaguzi mdogo, atangoja hadi 2037. Na urais hataupata kabisa, kwani kifungu cha 137 kimewawekea raia wa kuzaliwa peke yao.

Twaielewa hekima ya kumtaka mtu akae kidogo kabla ya kutawala. Lakini mtu ambaye babake alivua samaki Shimoni kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa si mgeni wa jana, na kumhesabia miaka kuanzia siku ambayo serikali yenyewe ilichelewa kumwandika, kwetu sisi ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Hata hivyo ndiyo sheria ilivyo, na wahusika wafaa kuijua kabla ya kuchanga pesa za kampeni. Watoto wao waliozaliwa baada ya mzazi kusajiliwa hawana kikwazo hiki, maana hao ni raia wa kuzaliwa.

Hesabu hiyohiyo yamgusa bibi harusi wa nje. Mwanamke wa Unguja, Hadhramaut au Ngazija aliyeolewa na Mkenya haupati uraia kwa akdi. Ndoa ikitimiza miaka 7 ndipo anapokuwa na haki ya kuomba asajiliwe, na mume mgeni wa mwanamke wa Kenya ana haki hiyohiyo. Kabla ya hapo, hata awe amezaa watoto 5 na yeye ndiye mpishi wa kila shughuli mtaani, hana kura. Tena afikirie vizuri kabla ya kuomba, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Akichukua wa Kenya, wa kwao ameuacha. Binti yetu aliyeolewa ng'ambo, kwa upande wake, hapotezi uraia wake kwa kuolewa wala kwa kuachwa. Kifungu cha 13 kimelisema hilo waziwazi.

Familia zilizo na miguu pande zote mbili za mpaka, kuanzia Vanga hadi Lunga Lunga, zitatusamehe tukisema neno moja zaidi. Kuwa na shangazi Tanga na mjomba Kwale si kosa. Kosa ni kujiandikisha kura katika nchi ambayo wewe si raia wake kwa sababu mgombea fulani ameahidi nauli. Anayefanya hivyo humtia nduguye mwenye haki katika shaka, na ofisa anayetaka kisingizio cha kuturudishia usaili hukipata kwake.

"Wewe si wa hapa"

Ukaazi ndio unaoleta maneno mengi zaidi katika mitaa yetu, na ndio ambao sheria ya Kenya imeuzungumzia kidogo zaidi. Katiba haimtaki mgombea awe amezaliwa katika eneo analowania, wala kwamba ukoo wake uwe na makaburi pale. Yamtaka awe mpiga kura aliyeandikishwa. Akisimama bila chama, yamtaka aungwe mkono na wapiga kura walioandikishwa wa mahali pale: 500 katika wadi kwa kiti cha wadi, 1,000 katika eneo bunge kwa ubunge, 2,000 katika kaunti kwa useneta.

Tofauti hiyo huonekana vizuri tukiwatazama jirani zetu wa Zanzibar. Huko sheria ya uchaguzi kwa muda mrefu imemtaka mpiga kura awe Mzanzibari aliyekaa katika jimbo lake kwa miezi 36 mfululizo, na ushahidi wa sheha juu ya ukaazi huo umekuwa na uzito mkubwa. Mwaka 2009 uandikishaji ulisimamishwa kwa muda kisiwani Pemba kwa malalamiko ya watu waliokosa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Palipo na sharti la ukaazi, mwenye kuushuhudia ukaazi huo ana ufunguo wa kura.

Sisi hatuna sharti hilo katika Katiba, lakini tumeliweka vinywani mwetu, na linalomwumiza zaidi ni mwanamke. Mwanamume akirudi kwao baada ya miaka 20 ya Nairobi huitwa mwenyeji. Dada yake aliyekaa siku zote, akitaka kugombea, huambiwa, "Umeolewa, nenda ukagombee kwa mumeo." Akienda kwa mumewe huambiwa, "Wewe wa kuja, huku kuna wenyewe." Na akiachika, pande zote mbili humfungia mlango. Tumewasikia wazee tunaowaheshimu wakiyasema haya vibarazani kana kwamba ni sheria. Si sheria. Mwanamke aliyeandikishwa kuwa mpiga kura, aliyetimiza masharti ya elimu na maadili, aweza kusimama kwao alikozaliwa, aweza kusimama kwa mumewe, na aweza kusimama mahali pa tatu ambapo hana ukoo wowote. Wapiga kura ndio watakaoamua kama wamtaka.

Haki hii, tusisahau, ni ya kila mtu. Anayekuja kutoka bara, akajiandikisha Kisauni au Malindi, kura yake ni moja kama yetu, na akigombea, agombea kwa haki. Hatuwezi kulikataa neno "wa kuja" linapomwangukia binti yetu kisha tukalitumia kwa jirani.

Kuna upande wa vitendo ambao kina mama huuchelewa. Mpiga kura huandikishwa katika kituo kimoja tu, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Msichana aliyejiandikisha akiwa kwa wazazi wake Lamu, kisha akaolewa Likoni, jina lake lingali Lamu. Siku ya uchaguzi ana mtoto mchanga na safari ya siku nzima, basi kura inabaki huko. Asijiandikishe upya. Aende ofisi ya Tume katika eneo bunge lake aombe kuhamishwa, tena mapema, kwani uchaguzi ukikaribia daftari hufungwa.

Na walio Ghuba? Mwaka 2022 Wakenya walipigia kura katika nchi 12 za nje, zikiwemo Falme za Kiarabu na Qatar. Saudia na Oman hazikuwamo, ingawa hakuna nyumba nyingi mitaani kwetu ambazo hazina binti au kijana huko. Wanaopiga kura nje humchagua rais tu. Hati yao ni paspoti, na dada anayefanya kazi za nyumbani ambaye paspoti yake imefungiwa kabatini na mwajiri hana cha kumwonyesha karani. Hilo ni dhuluma kabla halijawa jambo la kura, lakini na kura nayo inakwenda humo.

Mwenye uraia wa nchi mbili naye hupiga kura kama raia mwingine, kwani raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wa Kenya kwa kupata wa nchi nyingine. Akichaguliwa kwenye wadhifa wa serikali, sheria ya uongozi na maadili ya 2012 yamtaka aukane uraia ule mwingine kabla ya kushika kiti, isipokuwa kama nchi ile imemfanya raia kwa sheria yake bila ya kumpa njia ya kukataa.

Yule mama wa bahasha alirudi wiki iliyopita. Cheti cha kuzaliwa cha bintiye kimepatikana, jina la mama limeandikwa sawasawa, na msichana amekwisha kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Amepewa karatasi ya kungojea na tarehe ya kurudi. Kabla ya kuondoka akatuuliza habari za mtoto wa dadake aliyezaliwa Tanga mwaka 1988, ambaye mamake amekwisha kufariki. Tulimwambia aanze kwa kutafuta cheti cha kuzaliwa cha huyo marehemu, na kama alikuwa na kipande, nambari yake. Akasema sanduku la dadake liko kwa wifi yao, Mtwapa, na kwamba atakwenda Jumapili inshaallah.